Bastola ndogo ya mfukoni: nyepesi kubeba, nzito mpakani

Msimu wa mavuno, mnunuzi wa mahindi na maharage huondoka Mbarara alfajiri akiwa na lori la kukodi, dereva, tanboi mmoja na fedha taslimu. Anafuata lami ya kuelekea Kikagati, kisha anakata kuingia njia ya vumbi hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Huko ananunua gunia moja moja kutoka kwa wakulima Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na kila anayeuza anataka kulipwa papo hapo. Jioni lori limejaa, na kama bei haikumridhisha, noti nyingi bado ziko kwake. Njia ya kurudi ni ileile na giza linaingia.

Mtu wa namna hiyo akisikia kuna bastola inayoenea kwenye kiganja na isiyoonekana ndani ya suruali, lazima atatega sikio. Hofu yake si ya kubuni. Lakini kwa anayeishi kwa kuvuka mipaka, silaha hiyo ina hesabu ambazo muuzaji hazitaji.

Bastola ndogo si kitu kipya. Wajerumani walitoa Walther PPK mwaka 1931, na polisi na majasusi wengi waliibeba kwa miaka mingi. Kasoro ya bastola za jamii hiyo ilijulikana: ukitaka udogo unakubali risasi dhaifu, au risasi chache, au vyote viwili. Ruger LCP ya mwaka 2008 haifiki gramu 300 ikiwa tupu, lakini inatumia risasi ndogo na magazini yake inachukua sita. Glock 43 ya mwaka 2015 ilileta risasi kamili ya milimita 9, nayo pia ikabaki na sita.

Mabadiliko yalikuja Januari 2018, SIG Sauer ilipozindua P365. Ina urefu wa karibu sentimita 15, sawa na simu ya kisasa, unene wa sentimita mbili na nusu hivi, na uzito wa nusu kilo ikiwa haina risasi. Magazini yake ya kawaida inachukua risasi 10 za milimita 9, na moja zaidi hukaa chemba. Mwaka uliofuata Springfield walijibu kwa Hellcat yenye risasi 11. Tangu hapo karibu kila kiwanda kikubwa kimetoa ya kwake, na soko la Marekani la bastola za kujilinda limehamia huko.

Miezi ya mwanzo ya P365 haikuwa laini. Wanunuzi walilalamika kwamba pini ya kugonga risasi inavunjika, na kiwanda kikafanya marekebisho. Vilevile ilitoka bila kufuli ya usalama ya kidole. Toleo lenye kufuli lilifuata baadaye. Kwa askari aliyefunzwa hilo huenda lisiwe tatizo. Kwa mtu anayeitupa mfukoni pamoja na funguo za lori na sarafu, na kutwa anapanda na kushuka kwenye kebini, ni hatari ya kujipiga paja.

Wakufunzi wa silaha husema bastola ikiwa ndogo ndivyo inavyokuwa ngumu kulenga. Mtutu ni mfupi, kishikio hakitoshi vidole vyote, teke lake ni kali, na mkono unaotetemeka huongeza kosa. Anayepiga risasi 20 siku ya kuinunua na asiguse tena kwa mwaka mzima hana silaha ya kujilinda, ana mzigo. Zaidi ya hapo, majambazi wa barabarani hawaji mmoja. Wanakuja kundi, mara nyingi na bunduki ndefu, na wao ndio wanaochagua mahali na saa. Dereva aliyesimamishwa na gogo barabarani, mikono ikiwa kwenye usukani na taa za tochi usoni, hana sekunde za kuchomoa kitu mfukoni. Akijaribu, wizi wa fedha unageuka mauaji.

Kibali ni cha mtu

Uganda inatumia Sheria ya Silaha ya mwaka 1970. Msingi wake ni kwamba hakuna raia anayeruhusiwa kununua, kupata au kukaa na silaha wala risasi bila cheti halali. Maombi huanzia kijijini kwa mwenyekiti wa LC1, hupita kwa polisi na kamati ya usalama ya wilaya inayoongozwa na RDC, ndipo yaende makao makuu ya polisi. Mwombaji hueleza kwa nini anahitaji silaha, na akili yake, mwenendo wake na uwezo wake wa kuitumia huangaliwa. Wengi huchoka njiani, na huo ndio mwanya wa walanguzi wanaojidai wanaweza kuleta kitu kizuri bila usumbufu.

Kosa la kwanza la wafanyabiashara halihusu walanguzi hata kidogo. Linahusu watu wenye cheti halali. Tajiri wa Mbarara ana bastola yake kwa kufuata sheria zote. Siku anapobaki mjini anampa dereva aende nayo Nakivale kwa sababu fedha ni nyingi. Anaona ni jambo dogo, kama kumpa ufunguo wa ghala. Kisheria ametoa silaha kwa mtu asiye na cheti, na dereva amekutwa na silaha bila kibali. Cheti ni cha mtu, hakiendi na gari, hakiendi na kampuni, wala hakirithiwi na shemeji. Kampuni za ulinzi zina utaratibu wao: silaha ni ya kampuni, mlinzi ni wa kampuni, na kila kitu huandikwa kwenye daftari. Tajiri anayempa dereva wake bastola amejifanya kampuni ya ulinzi bila leseni.

Tangu 2019 kuna jambo lingine. Baada ya kuuawa mbunge Ibrahim Abiriga Juni 2018, Rais Museveni alilitangazia Bunge hatua za usalama, mojawapo ikiwa kila bunduki nchini kuchukuliwa alama zake. Kazi hiyo ilianza mwaka uliofuata. Kila silaha huacha mikwaruzo yake kwenye risasi na ganda, kama kidole kinavyoacha alama kwenye karatasi, na kumbukumbu hiyo huhifadhiwa na polisi. Kwa hiyo bastola iliyoazimwa, ikapotea, ikatumika Masaka au Kampala, inaweza kurudi kumuuliza mwenyewe aliyeandikishwa kwanza.

Na silaha ambazo hazimo kwenye daftari lolote ni nyingi. Shirika la Small Arms Survey la Geneva lilikadiria mwaka 2018 kwamba raia wa Uganda walikuwa na silaha kama 331,000, Tanzania 427,000 na Kenya 750,000. Sehemu kubwa hazikuwa zimesajiliwa. Anayeuziwa bastola kichochoroni hajui ilishafanya nini kabla ya kumfikia, na akikamatwa nayo hawezi kuthibitisha kwamba si yeye.

Itakumbukwa pia jinsi silaha ilivyo karibu na hasira. Novemba 2016 huko Lugogo, Kampala, mtu mmoja alipigwa risasi na kufa baada ya ugomvi uliotokana na gari kukwaruzwa. Mfanyabiashara aliyeshitakiwa alikana kwa miaka kadhaa, kisha akakiri kosa la kuua bila kukusudia na akafungwa. Hapakuwa na ujambazi. Kila dereva anayesoma hapa ameshakwaruzwa gari, na ameshatukanwa kwenye foleni ya mzani.

Mahakama ya raia au ya jeshi

Kwa miaka mingi raia waliokutwa na silaha zilizohesabiwa kuwa za jeshi pekee walipelekwa mahakama ya kijeshi ya Makindye. Kesi iliyofahamika zaidi ni ya mwanasiasa Kizza Besigye, aliyetoweka Nairobi tarehe 16 Novemba 2024 na siku nne baadaye akafikishwa Makindye. Miongoni mwa mashitaka ilikuwamo kukutwa na bastola mbili jijini Nairobi. Aliyakana. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kuwashitaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha katiba, na kesi hiyo ikahamia mahakama ya kiraia ikiwa na shitaka la uhaini.

Walioshangilia hawakushangilia muda mrefu. Mei 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya UPDF, na Juni Rais akayatia saini. Marekebisho hayo yanaruhusu tena raia kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi katika hali fulani, ikiwemo kukutwa isivyo halali na silaha, risasi au zana ambazo kwa kawaida ni za jeshi pekee.

Siasa za kesi ile ni za wenyewe. Kwa mfanyabiashara yako mambo mawili ya kushika. Kwanza, bastola si kitu kidogo mbele ya waendesha mashitaka wa kijeshi. Katika hati ya mashitaka ile ilikuwa bastola, haikuwa mzinga. Pili, mashitaka yalitaja silaha iliyodaiwa kuwa ng'ambo ya mpaka. Anayedhani kwamba yaliyotokea Kenya yanabaki Kenya afikiri upya.

Daraja la Kagera na mengine

Kutoka Isingiro hadi Kikagati si mbali, na ng'ambo ya mto Kagera ni Murongo, Tanzania. Wanunuzi wengi wanaoingia Nakivale ndio haohao wanaovuka kufuata maharage ya Kyerwa na Karagwe. Wengine hupitia Mutukula, wengine Katuna kuingia Rwanda, wengine Mpondwe kuelekea Beni na Butembo. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, limewazoesha kuona mpaka kama kituo cha kupiga mhuri tu.

Kwa silaha mpaka haujalegea. Cheti cha Uganda kinaishia kwenye daraja. Ng'ambo kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, na haitambui karatasi ya Kampala. Kenya ina sheria yake na bodi yake ya leseni. Desemba 2018 serikali iliwaamuru hata wenyeji waliokuwa na vyeti halali kuhakikiwa upya. Kutoa silaha nchini na kuiingiza nyingine ni vibali viwili tofauti, vinavyoombwa mapema kwa mamlaka za pande zote mbili. Havipatikani dirishani.

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 imeziweka silaha na risasi kwenye orodha ya bidhaa zenye vizuizi. Hapa msafirishaji asome taratibu. Bidhaa iliyofichwa ili kukwepa forodha inataifishwa, na chombo kilichoibeba nacho kinaweza kutaifishwa. Kwa maneno mengine, kitu cha nusu kilo kilichofichwa nyuma ya dashibodi kinaweza kuondoka na lori lenye tani 20 na mkopo wa benki ambao haujalipwa. Mwenye mali ya watu ndani ya lori hilo atafuatwa na wenye mali pia. Si lazima iwe bastola nzima. Risasi moja iliyosahaulika kwenye mfuko wa koti ni risasi, na sheria inaitaja sambamba na silaha.

Kwa Kongo hali ni nzito zaidi. Umiliki wa silaha unaongozwa na sheria ya Septemba 1985, na tangu hali ya dharura ya kijeshi ilipoanza kutumika Kivu Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021, kesi za jinai za raia katika mikoa hiyo ziliwekwa mikononi mwa mahakama za kijeshi. Machi 2024 Kinshasa iliondoa zuio la kutekeleza hukumu ya kifo lililokuwapo tangu 2003. Mgeni mwenye bastola katika njia ya Kasindi hadi Beni, mahali ambapo kila kizuizi kinatafuta jasusi au mwasi, atahitaji kueleza mambo mengi kwa watu wasio na subira. Wanaovuka huko wanajua kwamba Mganda aliyebeba viazi na karatasi zake zote bado huulizwa maswali kumi.

Nakivale yenyewe ina lake. Makazi hayo yalianza mwaka 1958, na ni miongoni mwa ya zamani kabisa barani Afrika. Kwa mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 na desturi iliyofuata, makazi ya wakimbizi ni mahali pa raia, na wapiganaji wanaoingia hunyang'anywa silaha. Ndani yake wamo watu waliokimbia bunduki Rutshuru, Bujumbura na Mogadishu, na kumbukumbu hizo bado mbichi. Habari kwamba mnunuzi fulani anatembea na bastola haikawii kufika kwa polisi na ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia makazi. Mkulima naye ataanza kuuza kwa mwingine. Kibiashara pekee, hiyo ni hasara ambayo hakuna jambazi anayehitajika kuisababisha.

Bastola inalinda nini

Ukiuliza swali hilo bila haya, jibu ni noti. Mahindi hayaibwi kirahisi barabarani usiku, maana yanahitaji lori na wabebaji. Kinachofuatwa ni fedha taslimu, na fedha taslimu iko pale kwa sababu maalumu.

Simu za kutuma fedha zilianza Uganda mwaka 2009, na wafanyabiashara wengi walishaanza kuacha noti. Julai 2018 serikali ikaweka kodi ya asilimia 1 kwenye miamala, na baada ya kelele ikashusha hadi asilimia 0.5 kwa kutoa fedha tu. Kodi hiyo, pamoja na ada za wakala, iliwarudisha wengi kwenye mfuko wa noti. Waziri wa fedha huenda hakuwaza hivyo, lakini sehemu ya hamu ya bastola barabarani ilitoka kwenye bajeti.

Sasa piga hesabu. P365 ilipozinduliwa ilipangiwa bei ya dola 599 Marekani, zaidi ya shilingi milioni 2 za Uganda kwa viwango vya 2018. Hapo bado usafiri, ushuru, faida ya muuzaji, ada za cheti, risasi za mazoezi na kasiki la kuihifadhia. Kodi ya asilimia 0.5 inafika milioni 2 baada ya kutoa shilingi milioni 400. Mnunuzi mdogo anayetoa milioni 10 kila wiki ya ununuzi atafika huko baada ya wiki 40. Ada za wakala zinapunguza pengo hilo, ni kweli, lakini haziliondoi. Na kodi inamwangukia anayetoa. Mkulima wa Nakivale anayepokea kwenye simu na kulipa duka la Base Camp kwa simu haguswi nayo, ndiyo sababu wenye maduka wanaokubali malipo ya simu ni washirika wazuri wa mnunuzi kuliko bastola yoyote. Tangu 2019 wakimbizi waliruhusiwa kusajili laini kwa kitambulisho cha ukimbizi au barua ya familia, kwa hiyo kisingizio kwamba hawana laini za majina yao kimepungua nguvu.

Yapo mazoea mengine ambayo wazee wa kazi wanayajua: kulipa nusu Nakivale na nusu magunia yakishafika ghala la Mbarara, malori matatu kuongozana badala ya moja, kutolala njiani, kutomwambia kila mtu saa ya kuondoka. Mizigo ya transiti inayofungwa kufuli la kielektroniki la URA, lililoanza 2014, hufuatiliwa safari nzima, na lori likisimama pasipofaa kituo cha ufuatiliaji huona. Madereva hulilalamikia kama kamera ya bosi. Majambazi nao hawalipendi.

Haimaanishi kwamba hakuna mfanyabiashara anayestahili silaha. Mwenye duka la kubadili fedha mjini Mbarara, aliyepitia hatua zote, anayefanya mazoezi na mwenye kasiki lililofungwa ukutani, anaweza kuwa na sababu nzuri, na sheria imemwekea mlango. Lakini hata yeye ajue kwamba silaha inavuta wezi wa silaha. Oktoba 2022 washambuliaji waliingia kituo cha polisi cha Busiika, wilaya ya Luweero, wakaua askari na kuondoka na bunduki. Kama kituo cha polisi kinafuatwa kwa sababu ya bunduki zake, nyumba ya mtu anayejulikana mtaani kuwa na bastola haiko salama zaidi.

Mwenye cheti anayekwenda Murongo, Mutukula au Mpondwe aiache nyumbani kabla ya kuwasha gari, maana ukifika kwenye foleni ya mpaka huna tena pa kuiweka. Mwenye lori akague kebini yeye mwenyewe: nyuma ya dashibodi, chini ya kitanda cha dereva, sanduku la vifaa, na begi la tanboi aliyeajiriwa wiki iliyopita. Kazi hiyo inachukua robo saa, na ifanyike Mbarara, mchana, mbele ya dereva.